Darasa la Beijing, Nyumba za Al Amerat

Mwaka 1961 ulipoanza, Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda zote zilikuwa bado chini ya Mwingereza. Unguja ilikuwa na Sultani mpya, Sayyid Abdullah bin Khalifa, na vyama vya siasa vilikuwa vinaingia katika mwaka wa chaguzi mbili, ya Januari na ya Juni. China nayo ilikuwa katika njaa kubwa iliyoua mamilioni ya watu wake. Katika mwaka huo mgumu, chuo cha lugha za kigeni kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Beijing kilianzisha masomo ya Kiswahili. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, Redio Peking ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, Beijing ilikuwa na sauti hewani na wanafunzi darasani.

Mfuatano huo wa tarehe una maana. Wachina waliitafuta lugha kabla ya kuhitaji kuitumia, na walipoihitaji waliikuta imeshaandaliwa. Tangu hapo wameishikilia kwa zaidi ya miaka 60, katika nyakati za shibe na za dhiki, za mapinduzi na za biashara. Kwa msomaji wa Al Amerat, wilaya iliyojificha nyuma ya majabali ya Muscat, habari hii si ya mbali. Humu mna nyumba ambazo Kiswahili hakikuletwa na mwalimu. Kililetwa na bibi, pamoja na sanduku na watoto, na sasa kinamponyoka mjukuu.

Chuo chenyewe leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Masomo ya Kigeni cha Beijing. Wenyewe wanakiita Beiwai. Mizizi yake haiko Beijing. Iko Yan'an, kwenye vilima vya udongo vya kaskazini ya China, ambako mwaka 1941 chuo cha kijeshi cha Wakomunisti kilitenga kikosi cha wanafunzi wa Kirusi. Wakati ule Japani ilikuwa imeiteka sehemu kubwa ya China, na watu wa Mao walihitaji vijana watakaosoma maandishi ya Warusi na kuzungumza na washauri wao. Mwaka 1944 kikosi kile kikawa skuli ya lugha za kigeni, na Kiingereza kikaongezwa. Tangu siku ya kwanza, basi, lugha katika chuo hiki ilikuwa kazi ya dola. Atakayeisahau asili hiyo hataelewa kwa nini Kiswahili kilipata nafasi pale.

Mwaka 1948 skuli ilikuwa imehamia kijiji cha Nanhaishan, mkoani Hebei, na huko ndiko walikoingia walimu wawili walioacha alama isiyofutika. David Crook alikuwa Mwingereza. Mkewe, Isabel, alikuwa Mkanada aliyezaliwa Chengdu mwaka 1915, mtoto wa wamishonari. Walikwenda China kuchunguza maisha ya kijiji kimoja wakati wa mgawanyo wa ardhi, wakaombwa wabaki wafundishe Kiingereza, wakabaki umri wao wote. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, David alifungwa kuanzia 1967 hadi 1973, na Isabel naye akazuiliwa ndani ya eneo la chuo. Walipoachiwa walirudi darasani. Isabel alitunukiwa Nishani ya Urafiki ya taifa mwaka 2019 na akafariki Agosti 2023 akiwa na miaka 107. Wapo mabalozi wa China wenye mvi leo ambao sentensi zao za mwanzo za Kiingereza zilisahihishwa na mama huyo.

Mwaka 1949 skuli ilihamia Beijing, na baadaye ikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Ikapandishwa kuwa taasisi mwaka 1954, ikaunganishwa na taasisi ya Kirusi ya mji huo mwaka 1959, na jina la chuo kikuu ikalipata mwaka 1994. Huo mwaka 1959 ndio wa kutiliwa mkazo. Urafiki wa China na Urusi ulikuwa unaharibika, na nchi iliyokuwa imewamimina vijana wake kwenye Kirusi ikajikuta inahitaji marafiki wengine. Mkutano wa Bandung wa 1955 ulikuwa umeshafungua mlango wa Asia na Afrika. Mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Chuo cha utangazaji cha Beijing kilianza Kiswahili mwaka huo wa 1960, Beiwai ikafuata 1961, kisha ikaongeza Kihausa mwaka 1964. Mwaka huo serikali ilipitisha mpango wa miaka saba wa elimu ya lugha za kigeni, wenye lengo la kuzipanua lugha nyingine pembeni ya Kirusi.

Mwaka 1964 unaumiza kuuandika kwa msomaji wa Oman. Januari yake, kwa mapinduzi ya Zanzibar, ndiyo iliyozipotezea familia nyingi nyumba, mashamba na watu wao Unguja na Pemba, na baadhi ya familia hizo ndizo zilizojenga Seeb, Al Khuwair na Al Amerat. Mwaka uleule, timu ya kwanza ya madaktari wa China iliwasili Zanzibar kutoka mkoa wa Jiangsu, na desturi hiyo ingalipo: timu hupishana, nyingine inaondoka na nyingine inaingia, katika hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja na ya Abdalla Mzee huko Mkoani, Pemba. Historia iliwatoa wenye lugha ikawaingiza wanafunzi wa lugha. Hakuna anayeweza kuipanga upya. Lakini inafaa kuona ni nani aliyekuja na mpango na nani aliyeondoka bila hata kupata nafasi ya kufunga mizigo.

Kisha ikaja reli. Tazara, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na ikakabidhiwa Julai 1976. Makumi ya maelfu ya Wachina walipita katika kazi hiyo, pamoja na Watanzania na Wazambia wengi zaidi. Penye watu wengi namna hiyo, kila kambi inataka mtu wa kusema "leta", "shika hapa", "ngoja", na pia mtu wa kukaa mezani na mawaziri. Wa kwanza anaweza kujifunzia palepale kwenye tuta la reli. Wa pili hupikwa chuoni kwa miaka.

Hapo ndipo unapoonekana ukali wa jambo lenyewe, kwani katika miaka hiyohiyo chuo kilikuwa kimeyumba. Mwaka 1966 vyuo vikuu vya China viliacha kuandikisha wanafunzi, na mwaka 1970 walimu na wanafunzi wa Beiwai walihamishiwa Shayang, mkoani Hubei, kulima na kujenga. Mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuoni haukurudi hadi 1977. Somo la Kiswahili lilidumaa, ila halikufa, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: Wizara ya Mambo ya Nje, redio, shirika la habari na wachapishaji wa Beijing walikuwa bado na kazi ya Kiswahili inayosubiri kufanywa. Vitabu vya Mao kwa Kiswahili vilichapwa Beijing vikauzwa Dar es Salaam kwa bei ya kutupa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya vitabu vile. Kilicho wazi ni kwamba Kiswahili hakikukosa kazi ya kufanya.

Darasani mambo yako hivi. Mwanafunzi anatoka skuli ya sekondari bila neno hata moja la Kiswahili. Madarasa ya lugha adimu huwa madogo, na wala hayapokei wanafunzi kila mwaka. Huanzishwa kundi moja, likasomeshwa miaka minne, ndipo mara nyingi linapoitwa jingine. Mwalimu anaandika ubaoni: "Kitabu changu kizuri kimepotea." Kwa mtoto wa Kichina sentensi hii ni mlima. Kitenzi cha lugha yake hakibadiliki sura, kivumishi chake hakiifuati nomino popote, na sasa anaona silabi moja, "ki", au ndugu yake "ch", ikizunguka kutoka nomino hadi kitenzi. Anageuza umoja kuwa wingi, na kila kitu kinahama: "Vitabu vyangu vizuri vimepotea." Halafu zinakuja sauti. "Dhahabu", "ghali", "thamani", "khiyana" zinamtoa jasho, kwani Kichina cha Beijing hakina dh wala th. Mtoto wa Al Amerat, aliyekwisha kusoma juzuu zake za Kurani akiwa na miaka saba, sauti hizo zote ziko kinywani mwake.

Baada ya msingi huo, wengi hupelekwa Afrika Mashariki, Tanzania hasa, kwa miezi au mwaka mzima, wakae dakhalia, wapande daladala, wanunue nyanya sokoni. Hapo ndipo Kiswahili cha kitabuni kinapolainika. Wakirudi humalizia shahada huku wakisoma pia Kiingereza, na siku hizi huongezewa uhusiano wa kimataifa au uchumi, kwani waajiri hawamtaki tena mkalimani asiyejua kinachozungumzwa. Chuo kina nyumba yake ya uchapishaji, iliyoanzishwa 1979, na vitabu vyake vya lugha vinasomwa China nzima. Mwaka huohuo wa 1979 kilianza pia kozi ya kuwafunza wafasiri wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 lugha za Afrika zilitengewa kitivo chake.

Leo Beiwai ina kibali cha kufundisha lugha 101. Miongoni mwao, pamoja na Kiswahili na Kihausa, zimo Kizulu, Kiamhari, Kisomali, Kimalagasi, Kishona, Kitigrinya na Kikomoro. Naam, Kikomoro, ndugu wa damu wa Kiswahili, ambacho wazee wengi wa Unguja walikuwa wakikisikia kwa jirani. Hapa lakini yafaa kupunguza mwendo. Kibali si darasa. Baadhi ya lugha hizo zina mwalimu mmoja, nyingine hufundishwa kama somo la ziada tu, na mwanafunzi aliyehitimu lugha ya nchi ndogo anaweza kuzunguka na cheti chake asipate pa kukitumia. Idadi ya 101 inapendeza katika hotuba. Nguvu halisi ya chuo iko katika lugha chache zilizokaa muda mrefu, na Kiswahili ni moja kati ya hizo.

Matunda yake yanaonekana. Chuo kinajivunia wahitimu zaidi ya 400 waliofika kuwa mabalozi. Li Zhaoxing, aliyesoma hapo baada ya shahada yake ya kwanza na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje kuanzia 2003 hadi 2007, alianzia kazi katika ubalozi wa Nairobi miaka ya 1970. Redio ile ya 1961 ilifungua kituo cha FM mjini Nairobi Februari 2006, kituo chake cha kwanza cha FM nje ya China. Mwaka 2011 tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake iliingizwa sauti za Kiswahili ikaonyeshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, na watu wakaacha sufuria jikoni kuitazama. Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwa jina. Rais wa nchi kubwa hataji tamthilia bila sababu. Nyuma ya tamthilia ile kulikuwa na mnyororo wa nusu karne: mwanafunzi, mwalimu, mfasiri, mtangazaji, mnunuzi wa vipindi.

Mnyororo huo si wa mapenzi ya lugha peke yake. Ni sera ya dola inayotafuta madini, masoko na kura katika Umoja wa Mataifa, na mwanafunzi anayefaulu anatarajiwa kuitumikia. Mwafrika ana haki ya kulitazama jambo hilo kwa macho makavu. Lakini hata anayelitilia shaka lengo anaweza kujifunza mbinu. Beijing ilikipa Kiswahili mshahara. Aliyekijua vizuri alipata ofisi, safari, pensheni na heshima. Ndiyo maana mtoto wa mkulima wa mkoa wa bara, asiyewahi kuiona bahari, alikubali kukesha na ngeli.

Sasa tuvuke majabali tuingie Al Amerat. Zamani mtu alifika kwa njia ya Wadi Adai peke yake. Tangu barabara ya mlimani kutoka Bausher ilipofunguliwa, wilaya imejaa haraka: viwanja vya makaazi walivyogaiwa raia, nyumba nyeupe za ghorofa mbili, misikiti, maduka, na uwanja wa kriketi ambao Oktoba 2021 ulichezewa mechi za Kombe la Dunia la T20. Vijana waliooa, waliokosa nafasi Muscat ya zamani na Ruwi, walijenga hapa. Wengi ni wajukuu wa watu waliorudi baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa ng'ambo kuja kuijenga nchi. Waliorudi walikuwa walimu, makarani, wauguzi, mafundi wa mitambo, na waliijenga kweli. Walikuja na Kiingereza walichosomea skuli za Unguja na Mombasa, na Kiswahili cha nyumbani.

Nchi ilikihitaji Kiingereza chao, ikakilipa. Kiarabu chao kilipokuwa na kasoro walikinyoosha, kwani bila hicho hakuna uraia uliokamilika. Kiswahili hakikuombwa na mtu. Kilibaki sebuleni, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye sufuria ya pilau. Katika nyumba nyingi za Al Amerat leo bibi anasema, "Mwanangu, nenda kamwambie babu chakula tayari," na mtoto anakwenda moja kwa moja kwa babu. Ameelewa kila neno. Ila anamwambia babu kwa Kiarabu, na yeye na dada yake wanachezea simu kwa Kiingereza. Wazee wana msemo wao kwa hali hii: anasikia, hasemi. Kuandika ndiko kumekufa kabisa. Bibi aliyesoma Unguja anaandika barua ya Kiswahili kwa mwandiko wa kupendeza. Mjukuu humtumia shangazi yake wa Dar es Salaam ujumbe wa sauti, kwa maneno matatu, kisha akamalizia kwa picha za vikatuni.

Jambo hili haliwezi kutupiwa wazazi peke yao. Mzazi hupima. Kiswahili hakimo katika mtaala wa skuli za serikali, hakiulizwi kwenye usaili wa kazi, hakiongezi hata baisa moja kwenye mshahara. Mzazi mwenye akili anaweka nguvu zake penye malipo. Wanaowalaumu akina mama wa Al Amerat kwa kuiacha lugha ya wazazi wao waanze na mtaala.

Na hasara yake si ya hisia tu. Beiwai inafundisha pia Kiarabu, katika kitivo chenye kituo kilichojengwa kwa msaada wa Sheikh Zayed wa Abu Dhabi na kufunguliwa 1994. Kiarabu kiko kwenye kitivo kimoja na Kiswahili kwenye kingine. Mchina mmoja mwenye zote mbili kwa ufasaha ni mtu adimu, na kumtengeneza kungechukua miaka minane na fedha nyingi. Al Amerat ina vijana wenye Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili cha kusikia juu yake, bila serikali kutoa senti kwa ajili ya hicho. Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Muscat Juni 2022, mazungumzo yalikuwa ya biashara, uwekezaji na kumbukumbu za kale. Ndege za Oman zinatua Unguja na Dar es Salaam. Kampuni za Kichina ziko Duqm kwa ajili ya eneo la viwanda lililotiwa saini 2016, na ziko pia Afrika Mashariki tangu zamani. Oman na China zilianzisha uhusiano wa kibalozi Mei 1978, na mwaka 1980 jahazi la Sohar, lililojengwa Sur, lilitoka Muscat kufuata njia ya mabaharia wa kale hadi Guangzhou, likafika Julai 1981. Njia zote hizo zinakutana mahali pamoja, na palipokosekana mtu ni pa mkalimani na mtaalamu anayeijua pwani ya Afrika kwa ndani.

Oman inajua kuweka fedha kwenye lugha inapotaka. Mwaka 2007 ilianzisha Kiti cha Sultan Qaboos cha masomo ya Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Peking, huko huko Beijing, kilomita chache kutoka Beiwai. Lugha yake ya kwanza imeipeleka kwa Wachina ikiwa na heshima zote. Lugha ya pili ya raia wake wengi haijapewa hata chumba nyumbani.

Kilichofanywa na Beijing hakiwezi kunakiliwa hivihivi, wala hakihitajiki. China ilianza na watu wasiojua lolote. Oman ingeanza na watoto wanaosikia. Kinachowapungukia ni kusoma, kuandika na kuzungumza rasmi, na hayo ni kazi ya miezi, si ya miaka minne. Kozi moja ya hiari katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, yenye alama zinazohesabiwa katika shahada, ingetosha kuanzia. Mwalimu angetoka Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ambako kufundisha wageni ni kazi ya siku nyingi. Muhula mmoja Unguja ungefuata, kama wanavyofanya Wachina. Wizara ya mambo ya nje, bandari na mashirika ya uwekezaji nayo yaandike Kiswahili katika tangazo la kazi, kwenye mstari ule wa sifa za ziada, na hilo lingefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani.

Jingine halihitaji wizara. Wazee waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa kabla ya 1964 sasa wote wamepita miaka 60. Kiswahili chao, chenye maneno ya mashamba ya karafuu, ya majahazi, ya khanga na ya madrasa, kimebaki vichwani mwao tu. Kijana mwenye simu na mchana mmoja wa Ijumaa baada ya sala anaweza kukirekodi, akakiandika kwa msaada wa bibi mwenyewe, neno kwa neno, na bibi akamsahihisha. Beiwai ililazimika kutafuta wazungumzaji wa aina hiyo ng'ambo ya bahari. Al Amerat inawapata kwenye chumba cha pili.